Baiskeli ya mbio inapolia: kuusaka mlio na kudai waranti ukiwa Mtwara

Mwaka wangu wa kwanza na baiskeli ya mbio, mlio ulianza kwenye mpando wa kutokea Mikindani kuelekea Mingoyo. Kra. Kila mguu wa kulia ukishuka, kra. Nikasimama chini ya mwembe, nikaigeuza juu chini, nikazungusha pedali kwa mkono: kimya. Nikapanda tena: kra.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mmoja wetu huku angefanya. Nikaipeleka kwa fundi, akang'oa beringi za krenki (ile mikono inayoshika pedali, pamoja na mhimili wake) kwa nyundo na kipande cha nondo, akapaka grisi, akarudisha. Wiki moja ikawa kimya. Wiki ya pili mlio ukarudi, mkubwa kuliko mwanzo. Nilipopiga simu kwenye duka la Dar es Salaam nilikoinunua, swali la kwanza lilikuwa, "Kuna mtu ameifungua?" Nikajibu ndiyo. Waranti ikaishia hapo, baiskeli ikiwa na miezi minne.

Fundi simlaumu, alifanya nilichomwomba. Baadaye mchonga vyuma mmoja mwenye venia, kile kifaa cha kupima kipenyo, alilipima tundu la fremu linalopokea beringi, akapima tena kwa pembe nyingine, kisha akaniita nitazame mwenyewe. Tundu halikuwa duara. Ilikuwa hitilafu ya kiwandani tangu siku ya kwanza, na mimi sikuwa na kitu mkononi cha kuonyesha, kwa sababu ushahidi tuliupiga nyundo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na simu na daftari. Spana zinakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: rekodi kabla hujagusa kitu

Siku mlio unapoanza, andika tarehe, kilometa ulizokwisha kutembea, giya uliyokuwa nayo, na kama ulikuwa umekaa au umesimama. Kisha chagua kipande kimoja cha barabara kiwe cha majaribio, na usikibadilishe. Mimi hutumia ule mpando wa baada ya Mikindani kwa sababu unailazimisha krenki kukaza. Nenda alfajiri. Kusi ikishaanza kuvuma, maikrofoni ya simu haitasikia kingine isipokuwa upepo.

Simu usiiweke mfukoni. Ifunge kwenye bomba la juu la fremu kwa mpira wa tyubu chakavu. Chukua video tatu za dakika moja moja: umekaa unakanyaga kwa nguvu, umesimama unakanyaga kwa nguvu, na umeacha kukanyaga baiskeli inajiendea. Mwanzoni mwa kila video taja tarehe, giya na unachofanya. Usizikatekate wala kuzipamba. Zitume kwenye barua pepe yako siku hiyohiyo ili tarehe ibaki.

Piga picha pia za namba ya fremu (mara nyingi iko chini, upande wa krenki), risiti, kadi ya waranti, na baiskeli nzima pande zote mbili. Kama kuna mkwaruzo wa kuanguka, upige picha na huo. Ukiuficha wakauona wao kwanza, hawataamini mengine uliyoandika.

Hatua ya pili: mlio unafuata nini?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Baiskeli ya kaboni ni mabomba matupu ndani, inapaza sauti kama ngoma, na sauti unayoisikia miguuni inaweza kuwa inatoka chini ya makalio. Mdogo wangu aliyeko Lindi aliniapia kwamba krenki yake imekufa. Nikamwambia kwenye simu, "Panda mpando huohuo, halafu inuka kwenye siti." Akarudi kimya kidogo. "Kaka, imenyamaza." Zilikuwa zile reli mbili za siti zinazosuguana na kibano chake. Alenki moja na grisi kidogo, kazi ikaisha.

Kwa hiyo jaribu kwa mpangilio huu.

Acha kukanyaga. Mlio ukiendelea na kuongezeka kasi kadiri baiskeli inavyoongezeka kasi, uko kwenye magurudumu. Tairi ya saizi ya 700x25 husafiri kama mita 2.1 kwa mzunguko mmoja, hivyo ukiwa kwenye kilometa 25 kwa saa utasikia mlio zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Angalia nati ya valvu kwanza, hasa kwenye rimu ndefu, maana hugonga kama kijiko kwenye kikombe. Baadaye tazama spoki zinapokutana, na diski kama inagusa breki.

Mlio ukikata pale unapoacha kukanyaga, hesabu. Mara moja kwa kila mzunguko wa pedali maana yake ni pedali, krenki, beringi zake, bolti za sproketi ya mbele, au kile kipande cha chini ya kiatu kinachoshika pedali. Ukisikia mara moja kwa kila mizunguko miwili na kidogo, shuku cheni. Cheni ya viungo 110 kwenye sproketi ya meno 50 inahitaji mizunguko 2.2 ya pedali ili kiungo kilekile kirudi palepale. Hamia sproketi ndogo ya meno 34: ikiwa sasa mlio unakuja kila baada ya mizunguko mitatu hivi, umeshampata mwenye kosa. Ni kiungo kimoja kimekaza. Izungushe cheni kinyumenyume taratibu na utaona kiungo kikiruka kinapopita kwenye vile vimagurudumu vidogo vya nyuma.

Inuka kwenye siti. Mlio ukinyamaza, ni siti au bomba la siti.

Shuka, kaza breki ya mbele, sukuma na kuvuta baiskeli huku vidole vya mkono mmoja vikigusa pale stelingi inapoingia kwenye fremu. Ukisikia "tok" vidoleni, beringi za stelingi zimelegea.

Kanyaga kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Halafu azima pedali za mwenzako uzifunge kwako. Kumbuka pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume. Nimeona krenki nzuri imeharibiwa uzi wake kwa kusahau hilo tu.

Kila jibu liandike. "Nimebadili pedali, mlio haujabadilika" ni sentensi fupi itakayokuokoa baadaye.

Hatua ya tatu: chumvi na mchanga

Tunaishi pembeni mwa bahari. Baiskeli iliyolala barazani Shangani, hapa Mtwara, mwezi mmoja ina chumvi kwenye kila uwazi, hata kama haijawahi kunyeshewa. Ukifungua bolti ya bomba la siti utakuta ungaunga mweupe, laini kama unga wa muhogo, umeng'ang'ania kwenye uzi. Ni aluminiamu inayoliwa. Aluminiamu ikigusana na kaboni penye unyevu wa chumvi huliwa haraka zaidi, na bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya kaboni linaweza kuganda lisitoke tena. Kila baada ya miezi miwili au mitatu mimi hulitoa langu, hulifuta kwa kitambaa, na hulirudisha. Kwa pwani yetu naona hilo ni la lazima.

Sehemu zifuatazo kwa kawaida unaruhusiwa kuzifungua mwenyewe bila kuigusa waranti, kwa kuwa ni matunzo ya kawaida. Fanya moja, nenda kajaribu kwenye mpando wako, ndipo ufanye nyingine. Ukifanya zote siku moja hutajua ipi iliponya.

Anza na siti na bomba lake. Chuma na chuma, au aluminiamu na aluminiamu, weka grisi. Kaboni usiipake grisi kamwe. Ina paste yake yenye chembechembe za kushika, na ukipaka grisi bomba litateleza, utalikaza kupita kiasi, litapasuka. Bolti ya kibano cha siti kwa kawaida haizidi Nm 5 au 6 (Nm, nyutoni-mita, ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza), na za usukani ni hivyohivyo. Namba mara nyingi zimechapwa palepale kwenye kibano. Kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu hiyo, tafuta wa kukuazima. Kwenye kaboni, kukadiria kwa mkono ni kamari.

Fuata pedali: zifungue, safisha uzi, paka grisi, kaza vizuri, kati ya Nm 35 na 40. Toa magurudumu, futa ekseli na pale zinapokaa kwenye fremu, paka grisi kiasi cha ukucha, funga sawasawa. Kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshika mkono wa giya wa nyuma, kile chenye kupinda baiskeli ikianguka upande wa kulia, nacho hulia sana kikiwa kikavu. Kifungue, safisha, paka grisi, rudisha. Watu wengi hukisahau.

Cheni ina habari zake. Mafundi wetu wengi hupaka oili chafu ya injini. Kwa baiskeli ya mizigo ya Nanyamba sawa, kwa hii hapana: inakusanya mchanga, na mchanga na oili pamoja ni tupa. Osha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke kabisa, kisha tone moja la oili nyepesi kwa kila kiungo, halafu futa ya nje yote. Mafuta ya taa yasifike kwenye beringi, yatayeyusha grisi iliyomo. Ukiwa hapo, pima uchakavu kwa rula ya inchi: pini hadi pini, viungo 12 vya jozi ni inchi 12 kamili. Pini ya mwisho ikipita mstari kwa 1/16 ya inchi, cheni ya giya 11 au 12 imeisha. Hiyo hailipwi na waranti yoyote.

Hatua ya nne: pale usipopagusa

Umefanya yote hayo na mlio bado upo, umekaa au umesimama, mara moja kwa kila mzunguko, ukikanyaga kwa nguvu tu. Sasa unashuku beringi za krenki na tundu lake. Usimame hapo.

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza vikombe vya beringi vinafungwa kwa uzi kwenye fremu. Hiyo ni rahisi, na upande wa kulia kwenye fremu za kawaida hufunguliwa kinyume. Ya pili beringi zinasukumwa ndani ya tundu bila uzi, zishikwe kwa kubana tu. Hizi ndizo zenye kesi nyingi, kwa sababu tundu linapaswa kuwa sahihi mno. Kuna mtindo unaotaka kipenyo cha milimita 41, mwingine 42, mwingine 46. Tundu likiwa kubwa kidogo, au yai badala ya duara, au la kulia na la kushoto yasipolingana mstari, kikombe kitatikisika ndani yake kila ukikanyaga na kitalia. Grisi inanyamazisha kwa muda. Tundu linabaki vilevile.

Beringi ni kitu cha kuchakaa na duka lina haki ya kusema hivyo. Tundu la fremu halichakai kwa miezi minne. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha dai lako, na kipimo kinapaswa kuchukuliwa na wao, kwa vifaa vyao, au na fundi waliyemwidhinisha kwa maandishi. Nyundo isiingie.

Kama kuna ufa, shuka

Ukiona mstari kwenye kaboni karibu na stelingi, krenki, au kwenye bomba zinazokwenda gurudumu la nyuma, pitisha pamba taratibu juu yake. Nyuzi zikinasa, huenda ni ufa, si rangi tu. Gonga kwa sarafu ya shilingi mia tano kuanzia mbali ukielekea kwenye mstari: sauti ikibadilika kutoka kali kuwa nzito, kama ubao uliolowa, usiipande tena hata kwenda dukani. Sauti isipobadilika bado haijathibitisha kwamba ni nzima, kwa hiyo ipigwe picha na ikaguliwe.

Na kwa mliokuja na baiskeli za mtumba kutoka Ulaya au Japani: Septemba 2023 Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, ilitangaza ukaguzi na ubadilishaji wa krenki zake za giya 11 za Ultegra na Dura-Ace zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, kwa sababu vipande vilivyogandishwa kwa gundi vinaweza kuachana na krenki kukatika. Marekani peke yake zilikuwa kama 680,000. Aina zake ni FC-6800, FC-R8000, FC-9000, FC-R9100 na FC-R9100-P, na namba iko upande wa ndani wa mkono wa krenki. Kama yako imo na inalia, usisubiri kumaliza mwongozo huu. Acha kuipanda na wasiliana na duka linalouza bidhaa zao.

Hatua ya tano: soma waranti yako kwa kalamu

Piga mstari chini ya mambo manne: inamhusu nani, inahusu nini, kwa muda gani, na nini kinaiua. Waranti nyingi za fremu zinamhusu mnunuzi wa kwanza mwenye risiti tu. Kwa hiyo ukinunua mkononi kwa mtu, hata ikiwa mpya kiasi gani, huenda huna waranti ya mtengenezaji, na hilo liingie kwenye bei mnayopatana. Nyingi zinalipia kasoro za malighafi na utengenezaji, na hazilipii uchakavu, kutu, ajali na ufungaji mbaya.

Tazama neno kutu. Watalitumia. Ndiyo maana hatua ya tatu ifanyike na ipigwe picha: bolti safi, uzi safi, bomba la siti linalotoka kwa mkono mmoja.

Hatua ya sita: andika dai

Simu piga kwa heshima, lakini dai liwe la maandishi. Usiandike "mmeniuzia kimeo". Eleza unachosikia na ulichofanya, hitimisho waache wafikie wao. Nimeshawaandikia watu kadhaa hivi:

"Habari za kazi. Nilinunua kwenu baiskeli (aina), namba ya fremu (…), tarehe (…), risiti namba (…). Tangu tarehe (…), baada ya kilometa (…), inatoa mlio mmoja kwa kila mzunguko wa pedali ninapokanyaga kwa nguvu, nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama. Nimesafisha na kukaza kwa kipimo siti, bomba la siti, pedali na ekseli. Nimejaribu pedali nyingine. Mlio haujabadilika. Beringi za krenki hazijafunguliwa na mtu yeyote. Naambatanisha video tatu na picha. Naomba kuelekezwa kwa maandishi: niilete, niitume, au niipeleke kwa fundi yupi, na gharama za usafiri anabeba nani."

Hilo swali la mwisho liulize mapema. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 560, na boksi la baiskeli kwenye basi halibebwi bure.

Wakikubali uitume, toa pedali, geuza usukani, weka kipande cha mbao kati ya miguu ya foku pale gurudumu la mbele linapokaa, viringisha fremu kwa magodoro chakavu au maboksi. Piga picha ikiwa ndani ya boksi kabla ya kufunga gundi. Kwenye stakabadhi ya basi iandikwe "baiskeli" na thamani yake, isiandikwe "mzigo".

Wakikataa

Majibu huwa matatu. "Ni chumvi ya huko kwenu": omba wakuonyeshe kwa picha sehemu yenye kutu inayotoa mlio. "Ni uchakavu": waonyeshe tarehe mlio ulipoanza na kilometa. "Baiskeli za aina hii ndivyo zilivyo": omba waliandike hilo na waweke muhuri. Mara nyingi kwenye kuandika ndipo mazungumzo yanapoanza upya.

Pembeni ya karatasi ya waranti kuna sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani auze zenye ubora unaostahili kuuzwa, na inajali pia kama mnunuzi aliikagua na kasoro ilikuwa ya kuonekana. Tundu lisilo duara ndani ya fremu halionekani kwa macho dukani. Na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, ina jukumu la kumlinda mlaji, kwa hiyo unaweza kuipelekea malalamiko ukiwa na nyaraka zako. Bila risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) utahangaika kuthibitisha hata kwamba ulinunua pale. Ukinunua, idai hapohapo, ipige picha, maana ile karatasi hufifia rangi kwa joto letu ndani ya miezi michache.

Mdogo wangu, yuleyule wa Lindi, mwaka uliofuata alipata mlio wa kweli wa krenki. Alifuata mpangilio huu, hakufungua beringi za krenki. Duka lilimjibu "ni chumvi" mara moja, akawatumia picha za bolti zake. Ilichukua majuma sita, wakambadilishia fremu.

Siku inaporudi

Usisaini kwanza. Fungua boksi palepale stendi, linganisha namba ya fremu na karatasi yao, na kama fremu ni mpya, hakikisha namba mpya imeandikwa kwenye waranti pamoja na tarehe, na uulize kama muda unaanza upya au unaendelea wa zamani. Kagua kama miguu ya foku na mkono wa giya wa nyuma havikuumia safarini. Kesho yake alfajiri rudi kwenye mpando wako na giya ileile, simu ikiwa imefungwa kwenye bomba la juu, taja tarehe, kisha kanyaga.